Kufuli la Mlango wa Dharura

Kiwandani walimwita Bi Kimya, naye jina hilo hakulikataa. Miaka kumi na minne alikuwa ameshona kola za mashati ya shule, kichwa chini, na maneno aliyosema kutwa nzima yangeweza kuhesabika kwa vidole. Wenzake walikuwa wamesahau kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Siku moja moshi ulifuka kwenye pasi kubwa. Wanawake wakaukimbilia mlango wa dharura, wakaukuta umepigwa kufuli, kwa kuwa meneja alihofia mashati yangeibiwa yakipitishwa huko nyuma. Bahati nzuri moshi ulikatika wenyewe. Bi Kimya alikwenda kwa msimamizi kumweleza habari ya kufuli, akaambiwa arudi akashone. Basi akarudi kuketi, akaitoa simu mfukoni, akalipiga picha lile kufuli, na baada ya kazi akaiweka kwenye ukurasa wa wafanyakazi mtandaoni, akijiita Mpita Njia. Aliandika kwamba humo ndani wako watu themanini, na moto ukiwaka kweli watatoka kwa mlango mmoja tu.

Mumewe, fundi baiskeli, alisoma akakuna kichwa, akamuuliza kama ana hakika hatajulikana. Bi Kimya alimjibu kwamba jina si lake na picha haina sura ya mtu, watamjuaje? Hapo ndipo alipokosea, tena yeye mtu wa kazi ya vipimo.

Meneja hakuhangaika na jina. Aliichapa ile picha kwenye karatasi, akaingia nayo, akaanza kupita cherehani moja baada ya nyingine. Kila kiti alikikalia, akaiinua karatasi mbele ya macho, akailinganisha na mlango aone picha ilipigwa kutoka kiti gani. Bi Kimya aliendelea kushona hadi zamu yake ilipofika, akainuka kumpisha. Meneja alikikalia kiti chake, akatikisa kichwa, akahamia cha jirani yake, Mama Pacha. Hapo kufuli, nguzo na bomba vikakaa sawasawa na kwenye picha.

Siku ya moshi cherehani ya Bi Kimya ilikuwa imekatika mkanda, akahamia ya Mama Pacha, ambaye mwenyewe alikuwa amepelekwa upande wa vifungo. Mama Pacha alieleza kwamba siku hiyo hakuketi pale, akaapa kwa wanawe wote wawili, lakini msimamizi alimwambia akusanye vitu vyake. Masikini hakumtaja mtu. Huenda hata hakujua nani aliketi pale.

Bi Kimya angeweza kuendelea kushona, maana hakuna aliyemtazama. Alimwonea mwenzake huruma, na zaidi ya huruma aliona aibu: alijificha nyuma ya jina la uongo, na sasa jina hilo linamla mtu mwingine. Akazima cherehani, akasimama.

"Mwacheni. Mpita Njia ni mimi."

Mama Pacha akaachwa, na ofisini meneja alitaka Bi Kimya atoke kazini upesi. Karani wa wafanyakazi, mtu wa taratibu asiyeruka hata nukta, akasema mtu hafukuzwi kwa mdomo, kuna fomu. Meneja akaandika "utovu wa nidhamu". Bi Kimya akamrudishia karatasi yake.

"Siweki sahihi, bosi. Andika nilichofanya."

Karani akakohoa, akasema mama ana haki, fomu inataka kosa lenyewe, siku na mahali. Hasira hasara, na ya meneja ilikuwa imeshafika puani. Akaandika kwa kukandamiza kalamu: amepiga picha mlango wa dharura ukiwa umefungwa kwa kufuli, wafanyakazi wakiwa ndani. Akatia sahihi yake, akagonga muhuri. Karani aliisoma mara mbili, akamtazama meneja, kisha akampa Bi Kimya nakala yake.

Getini alilia, kwani miaka kumi na minne si mchezo. Akajifuta machozi, akashika njia ya ofisi ya wakaguzi wa viwanda. Mkaguzi aliisoma ile fomu akiifuata kwa kidole, akauliza kama kweli sahihi ni ya meneja mwenyewe. Kisha akamweleza kwamba mlalamikaji anaruhusiwa kuficha jina lake, akitaka.

"Liandike lote, la kwangu na la baba yangu," alisema Bi Kimya. "Ila twende sasa hivi. Wenzangu bado wako ndani."