Mende Wasiotaka Sukari

Mjomba wangu aliua mende kwa miaka ishirini, na dawa yake ilikuwa moja tu: sumu iliyokorogwa na sukari, anaipaka kwa kijiko kwenye kona za majiko ya watu. Kesho yake mende wako chali. Wachache walibaki, naye hakujisumbua nao.

"Wakiisha wote, mpwa wangu, mimi nitakula nini?" alikuwa akinitania.

Juzi nilimsindikiza kwenye jiko la hoteli alikoanzia kazi. Akapaka dawa chini ya friji, tukasubiri. Mende wa kwanza aliigusa kwa sharubu, akarudi nyuma kama aliyeungua. Wakaja wengine, makumi kwa makumi, wote wakaikwepa.

"Dawa imeharibika, Mjomba?"

"Dawa ni ileile." Akachukua sukari tupu mezani, akaimwaga mbele yao. Nayo wakaipita kando, bila haraka yoyote.

Uso ukamshuka. "Wapenda tamu niliwaua wote," alisema polepole. "Waliobaki ni wale wasioitaka. Wakazaa watoto kama wao, na watoto wakazaa. Miaka yote hii nadhani nawamaliza, kumbe nawachagua!"

Nyumbani alitaka chai, tukaingia jikoni pamoja. Kopo la sukari lilikuwa limeachwa wazi tangu asubuhi, na sukari ilikuwa nyeupe pe, haijaguswa.

Pembeni yake, ndani ya mfuko, mkate wetu ulikuwa unatikisika.