Swichi ya Nyumba Yetu

Leo fundi anatoboa ukuta wangu ili ahamishe mita, na harufu ya saruji mbichi imenirudisha Lodwar, kwenye ua wa nyumbani.

Baba alisema nyumba yetu inapigwa plasta, kwa hivyo mita ya stima itahamia kwenye stoo mpya, upande wa pili wa ua. Stoo! Stoo gani ina dirisha la vioo? Lakini mama alimwamini. Alimpikia fundi chai ya maziwa ya mbuzi, akampelekea mwenyewe kule stoo, nami nikamfuata.

Fundi alikuwa anafunga sanduku jipya la fyuzi, kubwa kuliko letu la zamani.

“Mbona swichi nyingi hivi?” mama aliuliza.

“Si mzee alisema nyumba ni mbili? Hii ni yenu, mama. Hii ni ya bibi mwenye anakuja.”

Mama aliimwaga ile chai mchangani, polepole, mpaka tone la mwisho.

Bibi mpya alikuja na godoro lake na pazia la maua. Jioni moja taa yetu ilizimika ghafla. Kwake iliendelea kuwaka. Baba alikuwa huko, na swichi yetu pia, ukutani kwake.

“Nenda upige hodi,” mama aliniambia. “Uombe tuwashiwe.”