Qaf nimeipata, kaf imenipotea

Jumatano jioni. Naeleza yote, hata pale darasa zima lilipocheka.

Wiki iliyopita mwalimu wetu wa tajwidi aliniambia sitasoma Qur'ani mbele ya shule mpaka herufi yangu ya qaf itengenee. Nilikuwa naitamka kama kaf, ile k ya kawaida.

"Irudishe nyuma," alisema. "Shina la ulimi liguse juu, kule karibu na koo. Sema aq."

Basi nikasema aq kila siku. Ndani ya gari, njia nzima ya kwenda mtaa wa Al Khuwair, mpaka Baba akasema, "Mama, nipumzishe kidogo."

Leo nikasimama nikasoma.

Qaf ikatoka nzito, safi. Mwalimu akafumba macho, akaitikia kwa kichwa.

Halafu ikaja kaf.

Nayo ikatoka kule kule nyuma, nzito vile vile.

Mwalimu akainua kidole. Nikaishika meza.

"Binti yangu, nilikwambia umhamishe mmoja. Wewe umehamisha ukoo mzima."

Hapo ndipo walipocheka. Na mimi pia, baadaye kidogo.

Nafasi yangu hajampa mtu. Atanisikiliza tena kesho asubuhi, na kaf inatakiwa isogee mbele kidogo tu.

Nyumbani nimemuomba Bibi "qiqombe" cha chai. Akaniangalia sana.

"Koo linakuuma, mjukuu wangu? Nna asali."

Nyinyi mliopitia haya, kaf yenu mliirudishaje bila kuipoteza qaf? Nijibuni kabla sijalala.