Kitufe Kilichojifunza Kuitikia

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nichore kitufe. Nilikuwa nimevaa gauni la kitenge lililopigwa pasi mpaka likataka kusimama lenyewe, vyeti vyangu viko kwenye bahasha, na Mhandisi Mkuu hata bahasha hakuitazama. Alikuwa Mzaramo mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kunadi samaki. Aliposikia mimi ni Mnyamwezi, akapiga makofi.

"Afadhali! Nimepata mpagazi wa kunibebea mizigo."

"Babu zangu waliibeba mizigo yenu mpaka pwani," nikamjibu palepale, "na ahsante hatujaisikia hadi leo."

Ofisi nzima ikacheka. Utani wetu ukaanza siku hiyohiyo, hapohapo Tabora mjini, katika chumba chenye feni moja iliyozunguka ikijisikia. Kitufe nikakichora, mstatili wenye neno "Hifadhi". Akakitazama, akasema, "Kizuri. Sasa kifanye kionekane hivyohivyo kwenye kila kompyuta ya nchi hii. Tutaonana mwakani."

Vijana mnaosoma haya, msikimbie, nitaeleza. Kiolesura ni ile sehemu ya programu anayoiona na kuigusa mtumiaji: vitufe, madirisha, visanduku vya kujazia. Sisi hatukutengeneza programu moja. Tulitengeneza kiunzi, yaani vipande vilivyo tayari ambavyo mtengeneza programu yeyote anavichukua na kuviunga, kama mjenzi anayenunua fremu za milango badala ya kuanza kupasua mninga. Msimbo, yaani maagizo ya programu, uliuandika mara moja tu, na programu ikafunguka kwenye kompyuta ya mezani na kwenye kivinjari cha intaneti vilevile. Tena kiunzi chetu kilikuwa huria: msimbo uko wazi, anayetaka ausome, aurekebishe, amgawie na jirani. Mama yangu hilo lilimshinda kabisa. "Mnafanya kazi kutwa halafu mnagawa bure?" alisema. "Chuo kimekuharibu, mwanangu."

Baadaye nikahamishiwa Isikizya kufundisha watumiaji. Bosi wangu huko alikuwa Msimamizi wa Mafunzo, mzee wa Kimoraviani aliyeongoza kwaya Jumapili na kutuongoza sisi siku zilizobaki kwa kijiti kilekile. Alinikataza kabisa kushika kipanya cha mwanafunzi. "Ukimshikia, umeufundisha mkono wako," alikuwa akisema. Nilikaa nimefumbata mikono nikitazama watu wazima wakitafuta herufi, na uvumilivu wote nilio nao niliupata pale. Mume wangu anasema ni mdogo. Basi angeniona kabla.

Kisha ikaja Bukene, na Bukene ilitaka kutuua.

Chama cha wakulima wa mpunga kilikubali kutumia programu iliyojengwa kwa kiunzi chetu kupokelea magunia ghalani. Ndiyo ilikuwa kazi yetu ya kwanza kubwa. Mkurugenzi wa Mradi, mama mkavu asiyerudia neno, alituita akasema, "Wafadhili wanaitazama Bukene. Chama kikijitoa, kiunzi kinafungwa, na nyinyi mnarudi nyumbani." Alikuwa na uso wa kupiga picha ya pasipoti, nasi tulijua hatanii.

Wiki za mwanzo tu, mambo yakaharibika. Kwenye skrini ghala lilikuwa na mpunga ambao paa lake lisingeweza kuufunika. Gunia moja limeingizwa mara tatu. Mengine hayakuingia kabisa, kompyuta imezimwa katikati ya kazi. Mhandisi Mkuu akanipigia simu: "Mtani, mmelima lini mpunga wote huu?" Lakini kicheko chake siku ile kilikuwa kifupi. Mwenyekiti wa chama alikuwa ameshasema msimu ukiisha hivi wanarudi kwenye karatasi. Wenzangu ofisini wakasema watu wa Bukene hawajui kompyuta. Mimi nilikasirika, maana niliwafundisha mwenyewe na walijua vizuri tu. Nikapanda treni.

Nilipofika nikaenda kwanza nyumbani kwa Mwenyekiti kusalimia, kama inavyotakiwa. Nikasimama mlangoni. "Hodi!" Kimya. "Hodi jamani!" Kimya. Nikapiga ya tatu, kimya, nikageuka niende zangu, maana ndivyo tulivyolelewa: hodi tatu bila jibu, wenyewe hawapo, usining'inie kwenye mlango wa watu. Nimeshafika uani, sauti ya mkewe ikatoka nyuma ya nyumba: "Karibuu! Nipo jikoni, nakuja!"

Nikarudi, nikakaa barazani nimetulia. Alichelewa, mama wa watu, ugali ulikuwa motoni. Nami wala sikuona neno, kwa sababu alikuwa ameniitikia.

Jamani, nilisimama nikajipiga paji la uso! Mke wa Mwenyekiti alipotoka nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, "Marahaba," kisha akaniuliza kama naumwa. Watu wa ghalani walikuwa wanakipigia hodi kile kitufe! Wanabonyeza, kompyuta nzito, mtandao wa kuvizia, skrini kimya. Wanabonyeza tena. Wanabonyeza ya tatu, kimya, wanazima kwa heshima na kuondoka. Mtandao ukirudi kabla hawajazima, hodi zote tatu zinaingia pamoja; wakizima mapema, haiingii hata moja.

Nikampigia Mhandisi Mkuu, nikamwambia kitufe kiwe kinaitikia papo hapo kinapobonyezwa. Akabisha.

"Kompyuta itaitikiaje kazi ambayo haijaifanya? Huo ni uongo."

"Mama aliye jikoni hajafungua mlango, mtani, lakini ameitikia. Ni mwongo?"

Halafu nikasikia kicheko chake kile cha soko la samaki. "Lo! Mpagazi amenibebesha mzigo," akasema.

Hatukuiweka dawa kwenye programu ya Bukene peke yake, tuliiweka ndani ya kiunzi, ili kila kitufe cha kila programu kizaliwe nayo. Ukikibonyeza, papo hapo kinaandika: "Nimekusikia, subiri kidogo." Kisha kinajifunga, hakipokei hodi nyingine mpaka kazi iishe. Maneno hayo niliyaandika mimi. Msimu ulipoisha Mwenyekiti alisimama ghalani akatazama skrini, akatazama magunia, akasema kwa sauti ya mtu anayesifia mboga, "Sasa mnasemezana." Chama kikabaki, kiunzi kikabaki. Mkurugenzi wa Mradi alitabasamu, na walioshuhudia bado wanasimulia.

Nimestaafu sasa, nalima mihogo yangu Itetemia. Kiunzi kimepita mikono mingi nisiyoijua, kila mmoja kaongeza chake, na jina langu sidhani kama liko popote. Wakati mwingine hilo liliniuma, sitaficha.

Juzi nilikwenda ofisi moja mjini kufuatilia kitambulisho changu. Binti wa dirishani akabonyeza, na skrini ilikuwa imegeuziwa kwangu. Pale chini pakatokea: "Nimekusikia, subiri kidogo." Nikasogea dirishani.

"Mwanangu," nikasema, "maneno hayo, nani kayaandika?"

Akatazama skrini, akanitazama mimi, akashangaa swali lenyewe.

"Hayajaandikwa na mtu, bibi. Vitufe ndivyo vilivyo."

Nikamwambia ahsante sana, mpaka akauliza ahsante ya nini.