Pumzi ya Kubadilisha Bega

Tulikuwa wanne: mimi Zaina, Asha, binti ya mama mukubwa, mwalimu Salumu aliyetufundisha chuo cha Korani hapa Kindu, na bibi Mwamini, mama ya mama yangu. Jana mupita njia alihamisha gunia la mihogo toka bega moja hadi lingine mbele ya mulango wangu, akatoa sauti, "hm!", na wote wakanirudia akilini, hata wale tuliokwisha kuwazika.

Ilikuwa Zaire, miaka ya chama kimoja. Asubuhi shuleni tuliimba nyimbo za chama tukiitwa kwa majina ya mababu. Alasiri, chuoni, tulirudia kuwa Zaina na Asha. Wiki ile miguu yangu haikutulia. Mwalimu alikuwa amesema: atakayesoma Alhamdu bila kosa atapewa musahafu, atakayekosa atarudi kuketi na watoto wa alifu. Mimi nilikwisha kurudishwa mara mbili. Mama aliniambia mara ya tatu njo kwenda shamba, chuo kwisha. Basi nilisoma nikifagia, nikasoma nikichota maji mutoni Lualaba, na siku yenyewe nikaenda kukojoa mara tano kabla ya zamu yangu.

Nikafika "Iyyaka naabudu", nikatoa pumzi, "hm", ndipo nikaendelea, "wa iyyaka nastaini".

Asha akacheka wa kwanza. "We Zaina, umebeba nini? Tua!"

"Tena," mwalimu akasema.

Nikasoma tena. Hm. Haki ya Mungu, sikujua kama ni kosa. Kwetu bibi alisoma vile, mama vile, nilidhani dunia nzima inasoma vile.

Mwalimu akanishika mukono hadi nyumbani. Bibi alikuwa anatwanga sombe, harufu ya majani mabichi ya muhogo imejaa kiwanja.

"Mama, nani alimufundisha huyu mutoto?"

"Ni mie. Na mie nilifundishwa na babu yangu. Yeye aliipata Alhamdu njiani, toka Kasongo hadi Ujiji, pembe ya tembo begani, akarudi nayo kinywani. Aliyemufundisha alikuwa mbele yake, naye na pembe yake. Pale penye pumzi njo walikuwa wanabadilisha bega."

"Lakini hiyo pumzi haiko ndani ya Kitabu, mama."

"Haiko. Na Kitabu kilifika huku na miguu yake, mwalimu?"

Mwalimu alicheka hadi kofia ikateleza. "Kesho arudi. Asome bila muzigo."

Kesho yake nikasoma bila muzigo, nikapewa musahafu. Nilikimbia nao kwa bibi. Akaubusu, akanitazama sana. "Umetua, mutoto wangu," akasema, akarudia kutwanga. Sikujua kama ananisifu ao analia.

Utotoni nilijivuna kwamba babu yetu alisafiri na wafanya biashara wa pwani. Nimezeeka ndipo nikaona: mufanya biashara habebi. Wao walipita na bidhaa zao na swala zao. Aliyeifikisha swala nyumbani mwetu alikuwa chini ya muzigo. Kama alilipwa ao alifungwa kamba, bibi hakusema, nami sikuuliza. Na pale bega lilipochoka njo pale pale maneno yanaomba: wewe tu tunakuomba musaada.

Kama nimekosea jina la mutu, ao njia waliyopita, wenzangu wa Kindu munisahihishe. Lakini ile "hm" muniachie. Nimeirudisha ndani ya swala yangu.