Bunduki ya Bosi Iliyonuka Tuna

Hii kitu nimeimeza miaka kwa sababu ya aibu, lakini leo naitema, na aliyenichoma namtaja: ni Wekesa, soja wa geti letu kule Umm Salal, nje kidogo ya Doha, Mungu anamwona.

Mkataba wangu wa udereva ulikuwa unaisha na bosi, Baba Nasser, hajasema kama nabaki Doha au narudi Kakamega kuangaliana na mama watoto, kwa hivyo aliponiambia nisafishe bunduki yake ya kuwinda kesho tuipeleke kwa fundi, nikajua mtihani ndio huo. Kumbe mafuta ya bunduki yameisha. Ningesema tu yameisha (neno moja, jamani!), lakini Wekesa alikuwa hapo anamalizia samaki wa mkebe, tuna, akanisukumia ule mkebe na mafuta yaliyobaki.

"Mzee, mafuta ni mafuta. Kwani panga nyumbani ulikuwa unapaka nini?"

Kweli, panga tulipaka hata ya kupikia na ikang'aa. Nikapaka bunduki nje na ndani mpaka nikajipenda.

Asubuhi dukani kwa fundi tukakuta binamu za bosi wamejaa wanakunywa gahawa. Bosi akavimba: "Dereva wangu ameisafisha mwenyewe. Haya, mweleze fundi."

Nikakohoa kidogo, nikaeleza kwa Kiarabu changu cha barabarani kwamba risasi za bosi zinakwama, kwa hivyo chemba, pale risasi inapolala, ichongwe upya kwa kipimo chake. Fundi akafungua, akaingiza kidole, akakitoa, akakinusa. Halafu akaninusa na mimi.

"Hii ni samaki?"

Kabla sijajibu, paka wa duka akaruka mezani akaanza kulamba bunduki, mwingine akaingia kutoka nje (paka wa Doha hawangoji mwaliko), fundi anafukuza, paka wanang'ang'ania, binamu wanamwaga gahawa kwa kicheko, mmoja anauliza, "Nasser, unaenda kuwinda au kuvua?"

Bosi akanigeukia. Nikajiona tayari kwenye ndege, nimefunga mkanda. Mara mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kilemba.

"Huyu anabaki," akasema. "Nikimrudisha kwao, nani atanichekesha?"

Basi nikabaki. Lakini jangwani kuwinda, aliyebeba bunduki ni nani? Wekesa! Alimwapia bosi kwamba alinikataza.

Tangu siku hiyo sipaki mafuta kitu cha mtu. Geti likilia naliacha lilie, na Wekesa akilalamika, namwambia alipake tuna.