Kifungu Changu cha Kumi na Nne

Nilifaulu mtihani wa uraia wa Marekani kwa kukariri, na hapo ndipo ujinga wangu ulipopata cheti. Swali moja liliuliza ni nini kinachozuia mhimili mmoja wa serikali usizidi nguvu mingine. Nililijibu mbele ya afisa bila kusita, nikatoka nje nikijiona mwanasheria mzima.

Jumuiya yetu ya Wakongo ina matawi Louisville, Columbus na Buffalo. Mikutano inafanyika Columbus, kwa sababu iko katikati. Huko wajumbe hutunga kanuni. Lakini Buffalo kuna baraza la wazee watatu wenye ruhusa ya kufuta kanuni yoyote inayokwenda kinyume na katiba yetu, na kifungu cha kwanza cha katiba hiyo kinasema: hakuna mtu wetu atakayelia peke yake. Ukifiwa tunakuja kwako kukaa matanga, tunaimba, tunapika, mpaka utuchoke.

Mimi, mjumbe wa Louisville, ndiye niliyeleta kanuni kwamba atakayekosa mikutano mitatu mfululizo, jumuiya haitakaa matanga yake. Wavivu walikuwa wamenichosha. Wa kwanza kunaswa akawa mama mmoja mjane wa Black Rock, kulekule Buffalo, anayetunza wagonjwa kule Cheektowaga, kazi isiyojua Jumamosi wala Jumapili. Alipofiwa na kaka yake alilalamika barazani, na wazee wakaifuta kanuni yangu kwa sentensi moja. Watu wakaenda kukaa naye.

Niliwaka! Wazee watatu, ambao hakuna aliyewapigia kura, wafute kazi ya wajumbe? Nikaingia mtandaoni, nikakuta kwamba hata Waamerika wanabishana kama Bunge linaweza kuzinyima mahakama kesi za aina fulani. Waliosema linaweza niliwasoma mpaka mwisho. Waliosema haliwezi niliwaacha njiani.

Mke wangu akauliza, "Na siku nyinyi wajumbe mutakosea, mutu ataenda wapi?"

"Bon, mama, hayo ni mambo ya katiba," nikamjibu. Akaendelea kukunja nguo.

Columbus nilisimama na suti yangu ya harusi, kifungo cha tumbo kikinibana, nikapitisha Kifungu cha Kumi na Nne: kanuni ya matanga inarudi, na baraza halitasikiliza lalamiko lolote juu yake. Nilipigiwa makofi, nikainama kama mtu aliyeikomboa nchi. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini wahenga hawakuwa wajumbe.

Baadaye ghala ninakofanya kazi, Jeffersontown, likabadilisha zamu. Nikakosa mkutano mmoja kwa sababu ya kazi, wa pili kwa sababu ya kazi, na wa tatu, niseme ukweli, kwa sababu ya usingizi. Wiki ileile simu ikaja kutoka Bukavu. Mama yangu amefariki.

Niliketi sakafuni nikalia kama mtoto. Miaka yote nilikuwa namwambia nakuja mwaka ujao.

Nikaenda kanisani kuazima viti thelathini, nikavipanga sebuleni, kisha ndipo nikampigia katibu wa jumuiya.

"Pole sana, papa. Lakini kanuni unaijua."

"Basi nitaenda barazani!"

Akanisomea Kifungu cha Kumi na Nne polepole, maneno yangu mwenyewe, hadi nukta. Hata hivyo nikapiga Buffalo. Mzee wa baraza akaniambia kwa huruma, "Mutoto yangu, ile mulango uliifunga muzuri. Tumetafuta tundu, hatukuona."

Siku ya kwanza tulikaa mimi na mke wangu, na viti ishirini na vinane vitupu. Watoto waliuliza kwa Kiingereza wageni wanafika saa ngapi. Nikawaambia wapo njiani. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Siku ya pili, mchana, mlango ukagongwa. Alikuwa yule mama wa Black Rock, sufuria mkononi, macho mekundu kwa safari. Aliomba ruhusa kazini akaendesha gari tangu usiku, Buffalo mpaka Louisville.

"Nani alikutuma?" nikauliza, kwa adabu zangu zilezile.

"Hakuna. Kifungu yako inakataza jumuiya. Mimi haikunikataza."

Akavua viatu, akaketi, akaanzisha wimbo wa kilio. Mke wangu akaitikia. Nililia mpaka kamasi ndani ya ile suti ya harusi niliyoivaa kuwangoja wageni, na kwa mara ya kwanza tangu ile simu nikaweza kumtaja mama yangu kwa sauti.

Nilipotulia, jambo moja lilibaki. Nikalisema.

"Mama, matanga ya kaka yako, mimi sikuja. Nilisusa kwa sababu ya lile baraza."

"Ninajua," akasema, akifunua sufuria. "Tulikuwekea kiti."